Kila Bwawa na Soksi Yake

Jumatatu, 1 Julai

Katika mafundi wote wa mabwawa ya kuogelea, kuanzia Pretoria hadi Vereeniging, hakuna aliyezaliwa na bahati kama mimi, Lesiba Mojapelo. Wenzangu vumbi la plasta limewala vifua, wanapumua kama trekta bovu linalopanda mlima. Mimi vumbi linanipita. Likiniona linasema, "Huyu bwana mkubwa, mpisheni," linakwenda kwa mwingine. Nimebomoa plasta kwa mawaziri, kwa wacheza mpira, kwa mchungaji mmoja wa Durban mwenye bwawa lenye umbo la gitaa, na sikohoi hata nikicheka. Nina mapafu ya fahali. Wanawake wa Tembisa ni mashahidi.

Huyo mwingine ambaye vumbi limemwendea ni kaka yangu Ngoako.

Ngoako ndiye aliyenifundisha kazi. Yeye ndiye aliyebaki na mbuzi kule kijijini kwetu Moletjie ili mimi nipelekwe shule, nami nikasoma hadi darasa la sita, tulipokosana na mwalimu kuhusu sehemu na desimali. Kwa hiyo yeye hasomi, mimi nasoma kiasi cha kutosha kumtapeli mtu. Amenipa daftari hili mwenyewe. Anasema, "Bwana mdogo, redio inasema habari za wakubwa tu. Msimu huu andika habari zangu, kila Jumamosi unisomee. Na uweke uongo kidogo, usinichoshe."

Daktari amemkataza kazi tangu mwaka jana. Leo yuko na mimi Benoni. Tumepata bwawa la Mma Motaung, nesi mstaafu, mjane, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Plasta ya bwawa lake imezeeka, imekuwa kama mgongo wa mamba, wajukuu wanatoka majini magoti yakivuja damu. Anataka sakafu na kuta mpya kabla joto halijaanza.

Njiani kurudi, ndani ya pikapu, Ngoako akasema, "Hili ndilo langu la mwisho. Na hili nitaliingia."

Nikacheka. Unajua, sisi mafundi hatujawahi kuingia bwawa lenye maji. Sisi tukitoka maji yanaingia, kama wake wawili wa bwana mmoja, salamu yao ni ya getini. Ngoako ametengeneza mabwawa asiyoweza kuyahesabu na hajalowesha hata kifundo cha mguu.

"Utaingia na nguo gani, kaka?"

"Na hii ngozi. Ndiyo suti niliyonayo."

Jumanne, 2 Julai

Tumenyonya maji yote. Chini tumekuta kijiko, chura, na mkono wa mwanasesere. Chura nimempa kiwanja kingine kwa majirani.

Alhamisi, 4 Julai

Kubomoa. Namwaga maji ukutani kwanza ili vumbi lilale, lakini vumbi la plasta ni kama mgeni asiye na adabu, unamlaza huku anaamkia kule. Ngoako nimemkataza kushuka. Amekaa juu kwenye kiti cha plastiki, kitambaa puani, anaamrisha.

"Gonga, ukuta husema wenyewe! Hapo pana uwazi, husikii? Lesiba, masikio yako umeyaacha kwa nani?"

"Kwa mkeo!"

"Basi yamo salama, hayatasikia neno zuri."

Mma Motaung akatoka na chai. Akasimama, akainamisha kichwa kama anayesikiliza treni ya mbali. "Nimefanya kazi wodi ya vifua mpaka nikastaafu," akasema. "Toka asubuhi niko jikoni nasikia vifua viwili vinakohoa. Kimoja ni cha huyu wa juu. Kingine cha nani?"

"Mbwa wa jirani, Mma," nikamwambia.

Akaniangalia. Mwanamke huyu ana macho ya sindano. Simpendi sana.

Jumamosi, 6 Julai

Nimemsomea. Nilipofika kwenye mapafu ya fahali alicheka hadi akaanza kukohoa, akakohoa hadi shemeji Mokgaetji akaninyang'anya daftari na kulikalia. "Unataka kuniulia mume kwa hadithi?" Ngoako alipopata pumzi akasema, "Mwache. Rudia pale vumbi linaposema mpisheni."

Nikarudia. Akafumba macho, akatikisa kichwa polepole. "Afadhali," akasema. "Mmoja wetu amepita."

Alhamisi, 11 Julai

Baridi. Majani ya Mma Motaung yote meupe kwa umande ulioganda. Mikono haishiki nyundo.

Ijumaa, 19 Julai

Kubomoa kumekwisha. Bwawa liko uchi, limebaki zege la kijivu na mishipa ya nyufa. Tumeziba nyufa.

Nirekebishe nililoandika juu ya Mma Motaung. Leo ametoa blanketi, kamfunika Ngoako miguu pale kitini, kampa supu ya miguu ya kuku. Ngoako akamwambia, "Mma, ukiendelea hivi mke wangu atakuja na mwiko." Akajibu, "Aje. Bakuli liko jingine." Kumbe ana mzaha. Anauficha kama watu wanavyoficha sukari.

Akaniuliza kando, "Kaka yako anajua?"

"Anajua nini?"

"Usinifanye mtoto, Lesiba."

Nikamwambia anajua. Daktari alimwonyesha picha, mapafu yamejaa mawe kama mto wa kiangazi. Ngoako alimwambia daktari, "Basi nikifa msininunulie jiwe la kaburi, lichimbeni hapohapo kifuani." Daktari hakucheka. Madaktari wa siku hizi hawafundishwi kucheka.

Jumapili, 28 Julai

Jana sikusoma. Alikuwa amelala.

Jumatano, 7 Agosti

Ngoako hatoki kitandani. Nimemwambia Mma Motaung kwa simu atafute mafundi wengine, maana plasta ya mwisho Ngoako anataka awepo na mimi siwezi kuipaka akiwa kitandani. Nilitegemea anitukane. Akasema, "Bwawa halina miguu. Litamsubiri."

Jumatatu, 12 Agosti

Bado.

Jumamosi, 17 Agosti

Leo ameketi, amekula ugali na mboga ya mlenda, amemgombeza Mokgaetji. Dalili nzuri. Nikamsomea kurasa zote tangu mwanzo. Nilipomaliza akauliza, "Kwa nini hukuandika habari za soksi?"

Basi naandika. Plasta ya bwawa ikishapakwa haitakiwi kukauka juani kama ya nyumba. Jioni ileile unatia maji, ikazeekee ndani ya maji. Lakini maji ya mpira yakidondoka moja kwa moja kwenye plasta mbichi yanaichimba shimo. Kwa hiyo unafunga kitambaa mdomoni mwa mpira, maji yatoke kwa heshima. Wengine hufunga gunia. Ngoako huvua soksi yake ya mguu wa kushoto. Kila bwawa linakula soksi moja. Mokgaetji anasema tangu aolewe hajawahi kufua soksi pacha.

Na sheria ya pili: ukifungua bomba usifunge hadi maji yafike kwenye vigae vya juu. Yakisimama katikati, yanachora mstari ukutani, na mstari ule haufutiki hata kwa machozi. Hadi yajae, hakuna mguu wa mtu kuingia. Mara moja, Durban, nilichovya dole gumba tu. Ngoako alinipiga na mpini wa mwiko mpaka leo nikipita Durban kichwa kinawasha.

Alhamisi, 22 Agosti

Mawingu upande wa mashariki, mapema mno. Sipendi. Ardhi ikishiba mvua, bwawa tupu linainuliwa kutoka chini kama mtumbwi, linapasuka. Nimemwambia Ngoako ama Jumamosi ama tusubiri mwaka mwingine.

"Mwaka gani mwingine?" akasema.

Jumamosi, 24 Agosti

Nimechoka hadi kalamu inalalamika, lakini siku hii lazima niiandike yote.

Tulifika jua halijapanda. Nimekodi wachanganyaji wawili kutoka Tembisa, wakachanganya saruji nyeupe na chenga za marumaru. Mokgaetji naye alikuja, amebeba blanketi na sufuria, amevaa sura ya mwanamke aliyeshindwa mabishano. Tukamweka Ngoako kitini. Ndege hadeda wakalia kwenye paa, wale wenye sauti ya mlevi aliyefukuzwa baa, Ngoako akawajibu.

Nikavaa viatu vya misumari vya kutembelea plasta, nikaanza upande wa kina kirefu. Mafundi wa plasta ya bwawa tunatembea kinyumenyume, kutoka chini kwenda kwenye ngazi, tukifuta nyayo zetu njia nzima. Ukimaliza vizuri hakuna anayeweza kuapa kwamba mtu alipita pale. Nilikuwa napaka kwa mkono wa kulia na moyo wa kushoto. Ngoako juu:

"Vuta! Vuta kama unamvutia mgeni shuka! Usirudie, ukirudia unaichosha!"

"Kaka, shuka uipake wewe basi!"

Nilisema hivyo kwa mzaha. Nikageuka, kiti kitupu. Mzee ameshika ukingo, anashuka ngazi kwa makalio, ngazi kwa ngazi, Mokgaetji anapiga kelele, Mma Motaung amemshika mkewe mkono, "Mwache, mama. Mwache ashuke."

Alishuka hadi ngazi ya chini. Nami nilikuwa nimefika pale kinyumenyume. Akanyoosha mkono, nikampa mwiko. Alipaka ngazi ile. Sitasema uongo hapa: aliivuta mara moja bila kurudia, ikanyooka. Akapaka ya pili. Akapumzika, midomo ikawa rangi ya zabibu. Nikamshika kwapani nikampandisha, akapaka ya tatu. Ya juu kabisa hakuipaka kwa mwiko. Aliilainisha kwa kiganja, kama unavyolaza nywele za mtoto anayekwenda kanisani.

Halafu, amekaa nyasini anahema, akavua kiatu cha kushoto, akavua soksi. Ya kijivu, ina tundu kidoleni. Akaifunga mwenyewe kwenye mpira. Alichukua muda mrefu kufunga fundo lile na hakuna aliyemsaidia.

Mma Motaung akafungua bomba.

Soksi ikavimba, maji yakatoka kwa heshima.

Ngoako akasema, "Jumatatu litakuwa limejaa?"

"Jumatatu mchana, kaka."

"Jumatatu naingia."

Jumapili, 25 Agosti

Mma Motaung amekwenda kanisani, ametuachia funguo. Tulikuja tangu asubuhi kulinda maji. Hayahitaji kulindwa, lakini Ngoako alikataa kukaa nyumbani, na Mokgaetji alisema amechoka kupigana na wanaume wa ukoo huu. Maji yalikuwa yamefika usawa wa kiuno upande wa kina kirefu, ngazi ya chini imeanza kulowa. Maji meupe kidogo kama yaliyooshewa mchele, ndivyo yanavyokuwa plasta ikiwa changa. Chini kila kitu laini. Nimefanya mabwawa mengi lakini hili, nasema bila kujisifu, na mnajua mimi najisifu, hili lilikuwa limenyooka kama shavu.

Mchana bomba likatoa mlio. Kohoo, kohoo. Likatema hewa. Soksi ikanywea.

Nikakimbilia bomba la jikoni: kavu. Jirani: kavu. Mtaa mzima hakuna maji, mwanamke mmoja akanipigia kelele juu ya ukuta kwamba bomba kubwa limepasuka, huenda hadi Jumanne au Jumatano. Nikatukana kila ofisi ninayoijua na mbili nilizobuni. Nikarudi, nimeshika kichwa. "Mstari, kaka. Utabaki mstari."

Ngoako alikuwa anayaangalia maji. Hakuangalia ukuta.

"Bwana mdogo," akasema, "niteremshe."

"Wapi?"

"Hapo. Nitie miguu tu. Nikae kwenye ngazi yangu."

"Kaka, plasta ya jana! Utaacha alama ya makalio milele, wajukuu wa watu watauliza ni mnyama gani alikaa hapa."

Hakucheka. "Niteremshe, Lesiba."

Nikamwambia, na naandika maneno yenyewe: "Sheria ni yako mwenyewe. Ulinipiga Durban kwa dole gumba. Maji yakirudi, likajaa, nitakubeba mgongoni hadi katikati. Subiri siku tatu."

Hadeda mmoja akatua ukingoni, akachovya mdomo, akanywa. Ngoako akasema, "Yule hana kaka fundi."

Akaomba kurudi nyumbani. Garini nikampigia hadithi ya mchungaji wa gitaa. Aliegemeza kichwa kwenye kioo.

Jumatatu, 26 Agosti

Alfajiri alishindwa kupumua. Tumempeleka hospitali. Wamemfunga mpira wa hewa puani.

Jumanne, 27 Agosti

Nimekwenda na daftari. Nesi amekataa nisome kwa sauti, nikamsomea sikioni ule ukurasa wa kwanza. Alikuwa macho. Kwenye "mpisheni" akainua kidole kimoja kutoka kwenye shuka, kama kawaida yake anapotaka nirudie. Nikarudia mara nyingi. Hakuna kingine alichotaka.

Jumatano, 28 Agosti

Mma Motaung amepiga simu. Maji yamerudi, linajaa.

Alhamisi, 29 Agosti

Ngoako amefariki asubuhi.

Jumamosi, 31 Agosti

Leo ndiyo siku ya kumsomea.

Ijumaa, 6 Septemba

Tuko Moletjie, kesho mapema tunazika. Leo tumemwosha.

Jana kabla ya safari nilipita Benoni. Bwawa limejaa hadi vigae, na mstari upo, unazunguka bwawa zima chini ya maji, mwembamba, kama pindo la sketi. Nilikuwa na dumu. Mma Motaung alinikuta nimepiga magoti ukingoni nalijaza. Alilishika mdomo lisielee.

Kwenye nyumba ya maiti Polokwane tuliingia wanaume watatu: mimi, binamu yetu Phuti, na mjomba Maphuti, mzee mwenye ubishi wa punda. Mjomba akaliona dumu. "Hayo nini?"

"Maji ya kumwoshea."

"Maji yapo hapa bombani, ya bure. Hayo ya wapi?"

"Ya bwawa, mjomba."

"Unamwosha mtoto wa dada yangu kwa maji waliyokojolea watoto wa watu?"

"Hakuna aliyeingia bado. Yeye ndiye wa kwanza. Nilimwahidi."

Mjomba akatafuna midomo. Akakunja mikono ya shati. "Mimina basi. Usimwage ovyo."

Nikaanza miguuni, kwa sababu alitaka miguu. Nilimwaga polepole, nikiwa nimeziba mdomo wa dumu kwa kitambaa ili yatoke kwa heshima. Yalikuwa bado yana weupe kidogo. Kaka yangu alikuwa mwepesi hata Phuti alimgeuza kwa mkono mmoja, akaona haya, akaongeza wa pili. Kucha zake zilikuwa na plasta ya ile ngazi. Nilisugua. Haikutoka. Mjomba akasema, "Mwachie. Ni yake."

Halafu nguo. Mokgaetji alituma suti ya harusi na mfuko wa soksi. Tukaumwaga mezani: hakuna pacha. Nyeusi, buluu, nyingine ya shule, nyingine ya mpira, zote za kulia. Phuti akaanza kucheka, akajiziba, mjomba akacheka, na mimi nikacheka, tukacheka wanaume watatu juu ya maiti kama wehu, na katikati ya kicheko kile nikashikwa. Nikashika meza. Nilikohoa muda mrefu.

Nilipoinua kichwa walikuwa wameacha kucheka, wananiangalia.

"Vumbi la barabara," nikasema.

Barabara ya Polokwane ina lami.

Tumemvalisha moja nyeusi na moja ya buluu.

Jumapili, 22 Septemba

Joto limekuja. Leo Mma Motaung aliniita Benoni nile naye. Wajukuu walikuwa majini tangu asubuhi, wanapiga kelele, magoti yao mazima. Niliangalia ngazi. Wanazikanyaga kwa kukimbia, hawajui. Ndivyo inavyotakiwa.

Nikamwambia Mma nitaurekebisha mstari msimu ujao bila malipo, nitalitoa maji, nitapaka upya. Akasema, "Usiuguse." Akaingia ndani, akarudi na soksi ya kijivu, ameifua, ameikunja, ameshona lile tundu. Akaniwekea kwenye kiganja.

Halafu akasema, kwa ile sauti ya wodi, "Jumanne asubuhi. Nimekupangia picha ya kifua pale nilipokuwa nafanya kazi. Nitakusindikiza mwenyewe maana najua utatoroka."

"Mma, mimi? Si nilikwambia yule alikuwa mbwa wa..."

"Jirani hana mbwa, Lesiba."

Mtoto mmoja akaruka majini, akaturushia maji, akaitwa jina lake lote na bibi yake.

Jumamosi hazina tena mtu wa kusomewa, kwa hiyo naandika hili la mwisho nikiwa na soksi mfukoni. Ukurasa wa kwanza niliandika kwamba vumbi linanipita. Si kweli. Nakohoa tangu mwaka juzi, na asubuhi nyingine natema damu. Yeye alitaka mmoja wetu awe amepita, nami nikamwandikia hivyo. Halikunipita.